Nyota Ilipimwa, Mama Akafungwa

Watu wananiambia nimsamehe naibu wa chifu wa zamani, eti amezeeka. Mimi sisamehe. Wala yeye, wala wale watafiti wa nyota.

Miaka ya tisini walikuja Lodwar na puto kubwa kuliko kanisa. Wakapita kijiji kwa kijiji wakatuita mkutano, mkalimani jasho linamtoka. Juu huko, wakasema, kuna nyota inazunguka na kupiga mapigo ya miale, miale kama ile ya hospitali ya kupiga picha mifupa. Hewa inaizuia, ndiyo maana chombo cha kuipima lazima kipande na puto. Na nyota hiyo ina mwenzake, wanazungukana. Ikisogea mbali, mapigo yanachelewa. Ikirudi upande wetu, yanawahi.

"Hata baba yenu," mama akasema kwa sauti, "alikuwa akienda kwa yule mwingine, anachelewa." Watu wakaangua kicheko.

"Chombo kimo ndani ya sanduku," mkalimani akaendelea. "Sanduku likianguka, msiliguse. Mwambieni naibu wa chifu."

Lilianguka kwetu, karibu na Kakuma. Mama hakuligusa. Alinituma kwa naibu wa chifu, nikakimbia. Lakini parachuti iliyolishusha, kitambaa cha rangi ya machungwa, aliikata akafunika kibanda. Kwetu chakula cha msaada kilikuja kimefungwa, na kilichofungia kilikuwa chako: gunia, turubai, hata kamba. Nani angejua hii ni tofauti?

Naibu wa chifu alijua. Alikuja, akatazama, akasema, "Mama, umefanya vizuri. Nikatie na mimi." Akakatiwa kipande kikubwa. Kesho yake akaja na watafiti na askari. "Mwizi ndiye huyu."

Mama akapelekwa seli Lodwar. Nilimfuata mkubwa wa watafiti, nikamwomba aseme tu kwamba sanduku lake liko salama. Alikuwa amelifungua, anacheka na wenzake, mapigo yote yamo ndani. Dereva wake akanitafsiria: "Anasema hayo ni mambo ya serikali." Halafu akaongeza yake: "Toka hapa, unatia mitambo vumbi."

Anajua nyota imechelewa kiasi cha kupepesa jicho, lakini mama yangu kutorudi nyumbani hakukuona!

Alipoachiliwa alikuwa na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Kibanda chetu askari walikuwa wamekivua, kimebaki miti. Tukapita dukani kwa naibu wa chifu. Mbele ya mlango alikuwa ametundika kitambaa cha rangi ya machungwa, wateja wamekaa chini yake na soda.

"Ejok, mama!" akamsalimu kwa Kiturkana. "Karibu kivulini."

Mama alipita juani.