Chumvi ya Mtunza Ghala
Mama mkwe humwona mke wa mwanawe akitafuna ukosi wa blauzi kila nyama inapobadilika rangi kwenye kompyuta. Binti huyo ndiye mtunza ghala wa kikundi katika mchezo wa mtandaoni ambamo chakula huoza na paa huvuja hata wachezaji wakilala. Kila asubuhi vidole vyake hukimbilia kupaka nyama chumvi na kuziba paa. Mama mkwe aliuita upuuzi, hadi leo, umeme uliporudi baada ya kukatika siku mbili na sauti za wachezaji wenzake zikafoka kwenye spika: “Ghala zima limeoza! Tule funza?” Kisha wakataja kwa matusi jina la ukoo, jina la marehemu baba mkwe, ambalo binti alijisajili nalo. “Nililijivunia tu, mama,” akanong'ona. Mama mkwe akavuta kiti. “Chumvi iko wapi, mwanangu? Upesi, wasije wakalitaja tena.”