Sahani Tano za Mama Assunta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najikuta naongea kwa sauti kama mtu anayegombana na sufuria. Nilikuwa nimekaa kwenye uwanja wa mji wa watu, huko Italia, uma mkononi, nasokota tambi ambazo wala sikuzitaka, na kizee kimoja cha gauni jeusi kilikuwa kinavuka uwanja kuja mezani kwetu.

Nitakusimulia, maana juzi mlikuja hapa kwangu Nyamisangura, wewe na wenzako wa kwaya. Mliniamkia vizuri, shikamoo bibi, shikamoo bibi, nikafurahi. Kisha mkatoa simu. Mnakwenda mji uleule nilioenda mimi, mnataka kuchagua pa kulala na pa kula, na mmeshapata hoteli ya nyota nne yenye bwawa la kuogelea. Nikawauliza, nani kati yenu anajua kuogelea? Mkacheka. Mmoja wenu, simtaji, akasema pembeni eti bibi ni wa zamani, mambo haya hayajui. Nilimsikia! Masikio yangu bado mazima. Sasa kaa hapo unisikilize, na huyo mwenzako ukamwambie.

Nilikuwa mpishi wa misheni kule Itiryo, binti wa miaka ishirini na minne. Niliyekuwa nampikia ni Padri Dino. Alikuwa mzungu, lakini alikuwa wetu. Alikuja kijana, nywele zikamwishia kwetu. Kikurya alikisema vibaya na kwa sauti kubwa, na ng'ombe wa watu alikuwa anawajua mmoja mmoja. Alipougua, wakubwa wake walitaka kumrudisha kwao, akakataa katakata. Tulimzika nyuma ya kanisa, na mimi ndiye niliyemfumba macho kwa vidole hivi unavyoviona.

Mwaka uliofuata parokia ya kwao ikatuita watu watano tukasali na ndugu zake. Barua yao ilisema wazi. Mama yake mzazi, Mama Assunta, bado yuko hai, nyumba yake iko ndani ya ule mji wa kale, na anataka tulale kwake na tule kwake. Kama hatutaki, parokia itatutafutia hoteli.

Kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Nyamhanga, mwenyekiti wa parokia, mtu mwenye suti moja na heshima nyingi. Akachagua hoteli. Usimchukie haraka, ngoja nikueleze. Unajua mwenyewe kwetu mtu haendi msibani mikono mitupu. Mwanamke amefiwa na mtoto, na huyo mtoto kafia mikononi mwenu, utaingiaje kwake bila ng'ombe? Basi hata mbuzi. Lakini ng'ombe utampandishaje ndege? Mwalimu alilihangaikia jambo hilo wiki nzima, akaona bora tusifike kabisa nyumbani kwa yule mama kuliko kusimama mlangoni tumening'iniza mikono. Tutamwona kanisani, akasema, tutampa pole, yataisha.

Na mimi niliyempikia padri miaka sita, nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu, usilitafute pengine. Nilijua kwetu aliyefiwa haachwi kulala peke yake, watu wanalala naye chini kwenye mikeka, wanakula naye chungu kimoja, na usipofanya hivyo watu wanauliza unaficha nini. Nilijua yote hayo, nikanyamaza kwa sababu Mwalimu alikuwa mkubwa na mimi mpishi.

Nilikuwa nimebeba unga wa wimbi, kilo mbili, nimeufunga ndani ya foronya katikati ya nguo. Tulipofika hotelini Mwalimu akauona, akashika kichwa.

“Bhoke, unataka wazungu waseme tumewaletea majivu?”

Nikaurudisha kwenye begi.

Hoteli ilikuwa nzuri, sikatai. Ilikuwa chini ya kilima, nje ya ukuta wa mji, karibu na maegesho ya mabasi. Taulo tatu za mtu mmoja! Dirisha halifunguki. Dada wa mapokezi alitabasamu vizuri sana, na aliyekuja nyuma yetu akatabasamiwa vilevile. Ungeweza kuing'oa hoteli ile ukaipanda Mwanza au Nairobi, usingeona tofauti. Tulilala pale tukaamka, na hakuna mtu aliyejua sisi ni nani au tumefuata nini.

Siku ya pili mchana tukaupanda mji wenyewe. Magari hayaingii, ni ngazi za mawe tu, zimelika katikati kwa miguu ya watu. Juu kuna uwanja mbele ya kanisa kubwa, na pale uwanjani kulikuwa na mgahawa wenye picha za vyakula nje. Picha ya nyama ilikuwa imepigwa na jua mpaka imekuwa ya bluu. Mlangoni kijana anawavuta watu kama wapiga debe wa Sirari, karibu, karibu, kwa lugha zote za duniani. Mwalimu akavutika, na sisi wanne tukamfuata.

Mimi ni mpishi, mwanangu. Niliona kila kitu. Niliona hakuna hata mwenyeji mmoja aliyekaa pale, ni sisi na watu wengine wenye kamera. Niliona wazee wa mji wanapita wanaingia kichochoroni, kwenye mlango usio na kibao, na wengine wanatoka wanajifuta midomo wakicheka. Pua yangu ilishaniambia zamani kwamba mafuta ya pale yamerudiwa kukaangiwa. Nikanyamaza tena. Zikaja tambi zimelowa kama uji.

Ndipo kizee kile cha gauni jeusi kikavuka uwanja. Kifupi, fimbo mkononi, mkate kwapani. Kikasimama mezani kwetu, kikatuangalia mmoja mmoja. Mimi peke yangu nilikuwa najua Kiitaliano, kile cha jikoni alichonifundisha padri.

“Ninyi ndio mliomzika Dino wangu?”

“Ndiyo, mama,” nikasema. Uma ukaniponyoka.

“Jana niliweka sahani tano. Leo nimeweka tano tena.”

Hakupaza sauti. Afadhali angetutukana. Akauliza nani alikuwa anampikia mwanawe, nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Akainama akanusa sahani yangu.

“Na wewe mpishi unakula hii?”

Akageuka akaondoka, fimbo inagonga mawe. Nyumba yake, kumbe, ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, mlango wa kijani. Tulikuwa tunakula chakula kibovu karibu na mlango wa mama aliyefiwa, tumempa mgongo.

Niliwatafsiria wenzangu. Mama mmoja akaanza kulia. Mimi nikasimama.

“Kaa chini, Bhoke,” Mwalimu akasema.

“Mwalimu, nakuheshimu kama baba yangu mzazi. Lakini leo sikai.”

“Utaingia kwa yule mama na nini?”

“Na majivu yangu.”

Nikateremka mpaka hotelini, nikafunga begi, nikaacha ufunguo kwa dada wa tabasamu. Kupanda tena na lile begi, haki ya Mungu, gurudumu moja lilivunjika kwenye zile ngazi, nikalibeba kichwani kama kuni. Watalii wakanipiga picha. Nikawaambia kwa Kikurya maneno ambayo sitayarudia mbele yako.

Mlangoni nikapiga hodi, hodi ya kwetu kabisa, sikujua wao wanapigaje. Akafungua.

“Umechelewa,” akasema. “Osha mikono.”

Sahani zilikuwa mezani, tano, kila moja na kitambaa chake. Akanipakulia maharage na mboga za majani zilizochemshwa na mkate wa jana. Chakula cha watu wanaolima. Nilikula sahani mbili, na yeye anakiangalia kila kijiko kinavyopanda. Nilipomaliza akauliza swali ambalo alikuwa amelishika mwaka mzima, maana barua za wakubwa zilimwambia habari za misa na maaskofu, hili hazikumwambia.

“Siku ya mwisho, alikula?”

Unaona, mwanangu? Mama hakuhitaji ng'ombe. Alikuwa anataka kujua kama mwanawe alikufa na njaa. Na jibu lilikuwa kwangu, limelala hotelini na taulo tatu.

“Alikula, mama. Alikataa supu. Akaomba ugali wa wimbi na maziwa ya mgando. Alikula matonge matatu, akasema Bhoke, leo umeupatia.”

Akafunika uso kwa aproni yake. Mimi nikaenda kwenye begi, nikafungua foronya, nikaweka maji motoni. Alikuwa na mwiko mrefu wa kusongea ugali wao wa mahindi, ulinifaa kabisa. Nikasonga obokima pale, ugali wetu wa wimbi, jasho linanitoka, mweusi, mgumu, wa kiume. Maziwa ya mgando hayakuwapo, tukatumia mchuzi wa maharage. Nikamfundisha kumega, kufinyanga, kubonyeza. Akala tonge la kwanza, akatafuna polepole.

“Ndicho hiki,” akasema. “Aliniandikia kwamba kinakwaruza koo kidogo, na kwamba mtu hukizoea.”

Akala matatu. Aliyahesabu mwenyewe kwa vidole.

Baada ya chakula mji ule wote hufunga madirisha, watu wanajipumzisha. Akanionyesha kitanda alichonitandikia. Nikamwambia hapana. Nikatandika kitenge changu chini, kwenye vigae vya jikoni, nikalala pale mchana kweupe. Akauliza nina nini, mbona nakikataa kitanda. Nikamweleza kwa maneno yangu machache kwamba kwetu tukiwa na msiba tunalala chini na aliyefiwa, na kwamba nimechelewa mwaka mmoja na siku moja. Alisimama akinitazama. Halafu, na magoti yake yale mabovu, akashika meza, akashuka, akalala pembeni yangu. Tukalia, mwanangu, tukalia mpaka tukaanza kucheka, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua atainukaje.

Tukiwa bado chini tukasikia hodi mlangoni. Ni Mwalimu Nyamhanga na wenzetu watatu, mabegi yako ngazini. Akaingia, akamkuta mama wa padri amelala sakafuni kama mama yake mwenyewe msibani. Mtu mzima yule alipiga magoti, akafungua viganja vyake akavionyesha, vitupu, machozi yanamtoka. Nikamtafsiria mama kwamba Mwalimu anaomba radhi, hakuleta kitu.

“Mikono anayo,” Mama Assunta akasema. “Mwambie aniinue, kisha achukue sahani.”

Tukala wote watano kwake, siku ile na siku zote zilizobaki. Jioni alitupeleka hata kwenye ule mlango usio na kibao kichochoroni. Kilichopikwa kikiisha wenye nyumba wanafunga, hakuna picha, hakuna wa kukuvuta mkono. Kila mzee aliyeingia alitupa pole kwa ajili ya Dino.

Kwa hiyo ukija kwangu na simu yako ya nyota, mwanangu, usitegemee nikupigie makofi. Sitaki! Hizo nyota wameziweka watu ambao hawakumzika mtu wa kule. Mimi nimepika maisha yangu yote, nimefungua mgahawa wangu pale Bomani nikausomeshea watoto, hakuna wa kunifundisha pa kula. Kula wanapokula wazee wa mji ule, mahali ambapo chakula kinaisha na mlango unafungwa. Anayekuvuta mkono mlangoni mpite. Lala ndani ya ukuta, hata kama ngazi zitavunja gurudumu la begi lako, kwenye nyumba ambayo mtu akikuona asubuhi atakuuliza umelalaje na kungoja jibu. Na usiwaonee watu aibu kwa kile ulichokosa kubeba. Mkubwa akikuambia kaa chini, na moyo wako unajua pa kwenda, mpe heshima yake yote, kisha simama uende.

Mama Assunta alishafariki. Mjukuu wake wa kike ndiye anayekaa pale sasa, tunaandikiana. Wiki iliyopita aliniuliza mko wangapi kwenye kwaya. Nikamwambia kumi na wawili. Akajibu kwamba ataazima sahani kwa jirani, zake hazifiki kumi na mbili.

Sasa nenda kaifute ile hoteli yenye bwawa. Unga nimeshausaga, upo kwenye foronya, utaubeba wewe na huyo mwenzako aliyesema mimi ni wa zamani. Mungu wa Padri Dino na wa babu zetu wa Itiryo akutangulie angani na kwenye ngazi zile. Akupe njaa nzuri na watu wa kuishibisha, wasiokuuliza umeleta nini. Na ukifika kwenye mlango wa kijani, piga hodi kwa Kiswahili. Pale wanaijua.