Sapatu za Kapitolina

Kapitolina Yegorovna hakusamehe, wala hakuwahi kujisingizia kwamba amesamehe. Alikuwa bawabu wa makumbusho ya waandishi wa mji wa Vologda, nyumba kongwe iliyojengwa na mfanyabiashara wa mbao, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha wageni wanavaa sapatu za sufu zenye kamba juu ya viatu vyao wasije wakaikwaruza sakafu. Bila sapatu huingii, hata uwe nani.

Humo ndani zilitundikwa picha za waandishi wote wa mji, isipokuwa ya kaka yake, Prokhor. Enzi za ujana wao, Prokhor alisimama mkutanoni kusoma mashairi yake, na mhakiki mkubwa, Rostislav Gennadyevich Belyakin, akamkatiza mbele za watu: "Mtoeni huyo punda, analia njaa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Prokhor alirudi nyumbani, akayachoma mashairi yote kwenye tanuri, na hakuandika tena mpaka anakufa. Mtenda husahau, mtendwa, thubutu!

Sasa ikafika siku ya Belyakin, mzee wa mkongojo, kufunguliwa chumba cha kumuenzi humo ndani. Watu walijaa, maua tele. Asubuhi hiyo Kapitolina alilificha stoo benchi ambalo wageni hukalia wakivaa sapatu, kisha akaitundika picha ya Prokhor chini kabisa ukutani, juu kidogo ya kikapu cha sapatu.

"Mimi naingia hivi hivi," akasema Belyakin.

"Hivi hivi utaingia kwako, baba. Hapa, sapatu."

"Wewe unanijua mimi?"

"Nakujua sana. Funga kamba."

Mkurugenzi, binti mwoga, akanong'ona, "Jamani, Kapitolina Yegorovna, benchi liko wapi?"

"Limevunjika."

Mzee akaguna, akapiga magoti, akahangaika na kamba huku watu wakimtazama. Alipoinua kichwa, akakutana na Prokhor uso kwa uso.

"Huyu nani?"

"Si yule punda wako!"

Belyakin alisawijika. Akajaribu kuinuka, magoti yakagoma. Hakuna aliyecheka. Akamnyooshea bawabu mkono.

"Nisamehe, Kapitolina Yegorovna. Niinue."

Lo, utamu ulioje! Kapitolina aliusikia mpaka kwenye mifupa. Mikono yake aliiacha mifukoni.

"Muombe mwenyewe, huyo hapo mbele yako," akasema. "Na usiwe na haraka, baba. Hapa hakuna wa kukukatiza."