Safari ya Usevya Kufuata Neno Lisilo na Mwenyewe

Niliondoka Mpanda kwa sababu ya redio ya upepo, ile ya kuitana kituo na kituo. Nyie ndugu zangu wa Njombe mnaodhani polisi wakitaka habari wanainua simu tu, mjue kwamba huku, miaka ile ya tisini, ukisema jambo redioni umewaambia na misheni, na wanunuzi wa tumbaku, na kila mwenye redio na muda wa kupoteza. Na jambo lenyewe halikuwa la kusikiwa na watu. Kulikuwa na bunduki inayoteka malori njia ya Usevya. Bwana Nyama wa kule, mkuu wa askari wa wanyamapori aitwaye Sangu, alishaambiwa na mtu inakofichwa. Sisi polisi tulisikia tu kwamba anajua, mahali penyewe hatukupajua. Na yeye alikuwa amenyamaza.

Mkuu wangu wa kituo hakuwa na gari wala askari wa ziada. Akanituma mimi, sajini mwanamke, pamoja na masharti.

"Uliza jambo, usiulize mtu," alisema. "Na habari ni ya yule aliyeipata. Ukitaka kuifikisha kwa mwingine, mwombe yeye kwanza."

Nikapiga saluti. Mzigo nilikuwa nimeshafunga, maana mimi nikishaamua kwenda huwa nimekwenda.

Asubuhi nilipanda lori la chumvi la Shabani, dereva mcheshi anayejua kila shimo la barabara ile. Sitalike tulisimama kupoza injini. Mto ulikuwa umekauka hadi viboko wamebanana kwenye tope, wakigombana. Kutoka hapo mbung'o walitung'ata mpaka ndani ya soksi.

"Afande, unaenda kumkamata nani?" Shabani akaniuliza.

"Naenda kununua mchele."

"Na buti hizo?"

"Mchele wa Usevya unakimbia sana, baba."

Alicheka, lakini hakuuliza tena. Nilimshukuru moyoni.

Usevya nilimkuta Sangu barazani kwake, mtu mrefu, mkavu, na sufuria ya uji miguuni.

"Karibu uji, Sajini. Habari sina."

"Unayo."

"Ninayo, ila siitoi. Mwaka jana mlitaka neno la pembe za ndovu, mkataka na jina la aliyeniambia. Nikayasema yote redioni. Gari lenu halijafika hata Sitalike, nyumba ya yule mtu inaungua. Alitoka na watoto na shuka moja, akahama. Safari hii wana bunduki, dada yangu. Wakimjua aliyesema, watamuua."

Niliona aibu, na hasira pia, kwa sababu kosa lilikuwa letu na aliyelilipia alikuwa mtu mwingine.

"Jina silitaki," nikamwambia. "Ukilitaja nitaziba masikio. Nipe mahali tu."

Akanimiminia uji tu. Na mimi nikakaa palepale kwenye benchi, nikanywa uji wake wote, nikaomba mwingine. Nadhani aliona kwamba sitaondoka. Mwishowe akaniambia: bunduki imo kwenye kihenge cha mahindi cha Jidayi, kwenye makazi ya wafugaji ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Kule kuna mbwa na vijana wa mishale. Sisi wawili tusingeingia. Waliokuwa na uwezo wa kuingia ni sungusungu, walinzi wa wafugaji wenyewe.

"Naomba ruhusa nimwambie mkubwa wao," nikasema.

"Jambo, si mtu?"

"Jambo, si mtu. Hata huyo mtu simjui."

Akakubali.

Mchana mimi na Sangu tulifika kwa Ntemi Luhende, mkubwa wa sungusungu. Nilimwomba faragha, akakataa, akapuliza filimbi. Watu wote wa makazi wakaja, wakakaa duara kwenye uwanja wa ng'ombe. Jidayi naye alikuwemo, amevaa kofia ya pama.

"Mayu," Luhende alisema, akiniita mama kwa heshima ya kwao, "kwetu hakuna maneno ya kujificha. Anayemsema mwenzake anasimama hapa katikati. Neno likiwa uongo, tunamtenga yeye. Bila hivyo kila mwenye wivu angemchongea jirani yake. Nani amesema?"

Sheria yake ilimlinda asiye na hatia, kama yetu inavyomlinda aliyesema. Lakini mtu wa Sangu akisimama pale, jua lisingezama mara nyingi kabla hatujamzika.

Nikaingia katikati mwenyewe.

"Nimesema mimi. Naitwa Sajini Tekla Mgaya. Bunduki inayoteka malori imo kwenye kihenge cha Jidayi. Isipokuwemo, nitengeni mimi, na magwanda haya nitayaacha hapa."

"Umeiona kwa macho?"

"Sijaiona, baba. Nimelibeba neno, na nikishalibeba ni langu."

Wazee walinong'onezana Kisukuma.

"Amesimama," Luhende akasema. "Twendeni."

Walimwaga mahindi ya Jidayi juu ya ngozi. Yalitoka, yakatoka, na mimi nikaanza kufikiri nitavaa nini kurudi nyumbani. Bunduki ilikuwa chini kabisa, ndani ya gunia.

"Nani alikwambia wewe?" Jidayi alipiga kelele, mikono ikifungwa.

"Si umenisikia mkutanoni?"

Watu walishangilia. Mimi nilitazama buti zangu, sikuinua macho. Huenda aliyesema alikuwa palepale, na uso wa mtu aliyepona haufichiki. Sikutaka kuujua.

Tulirudi Mpanda na Jidayi, sungusungu wawili na bunduki, kwenye lori lilelile la Shabani. Mkuu wangu alifurahi mno. Alifunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Sasa tuko wenyewe, Tekla. Nani hasa alisema?"

"Mimi, afande."

Alinitazama, akakumbuka masharti yake mwenyewe, akacheka mpaka akafuta machozi.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Shabani alipita kituoni na salamu.

"Bwana Nyama anakusalimu. Anasema kule wote wamevuna, hakuna aliyehama. Ana maana gani?"

"Habari za mpunga tu," nikamjibu, nikaenda nyuma ya kituo kulia kidogo kwa furaha, kwa ajili ya mtu nisiyemjua hadi leo.