Neno la Kuachia Kamba

Shemeji yangu anaitwa Nanga, na hata mama yake mzazi alifariki akimwita hivyo. Jina alilipata kwenye mashine ya kusaga, alikokuwa akibeba magunia mawili kwa mkupuo, likamfuata alipoajiriwa kwenye kampuni ya maputo kushika kamba. Yale maputo makubwa ya hewa moto, yanayobeba watu ndani ya kapu, yakishajaa hayataki tena kukaa chini. Lazima awepo mtu wa kubishana nayo. Shemeji ndiye mbishi wetu: analishikilia puto mpaka rubani aseme basi.

Mimi ni dereva wa pikapu. Puto halina usukani, linakwenda upepo unakotaka, nami nalifuata chini kwa njia za vumbi, shingo nje ya dirisha, mpaka litue, tulikunje, tulirudishe. Watu husema aliye juu mngoje chini. Kwangu huo si msemo, ni ajira.

Nimepanda mara moja tu, na sitadanganya, niliogopa mpaka meno yakagongana. Jiko la gesi linanguruma juu ya utosi wako, unadhani nywele zinaungua, kisha rubani analizima na dunia nzima inanyamaza. Husikii upepo usoni kwa sababu unakwenda nao. Kutoka kule juu nilimsikia mtu akipiga chafya uani kwake, nikaona kuku wakikimbia kivuli chetu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Halafu zikatokea nyaya za umeme. Rubani aliwasha moto mapema tukazivuka kwa mbali, lakini raha yote ilinitoka miguuni. Tulipotua, kapu likalala ubavu, nikatoka kwa magoti huku naomba lirudi juu tena. Ndivyo kitu kile kilivyo, kinakutisha na bado unakitaka.

Shemeji hajawahi kupanda. Ukimuuliza, anakujibu, “Nikipanda mimi, atashika nani?”

Sasa nieleze habari ya neno, maana bila hilo hamtanielewa. Zamani rubani alipotaka kamba ziachiwe alisema “Acha!” Asubuhi moja abiria alikuwa bado anapanda, mguu mmoja ndani mmoja nje, na mwenzake aliyekwisha kuingia akaanza kuchezea kamba nyekundu, ile inayofungua tundu la juu kutoa hewa. Rubani akamkaripia, “We, acha!” Shemeji kule chini akasikia acha, akaacha. Puto likainuka na yule bwana akiwa amekalia ukingo wa kapu kama mwizi juu ya ukuta. Walimvuta ndani kwa shati. Hakuumia, ila shati lile halikuvaliwa tena.

Tukakaa kikao. Mmoja akapendekeza “nenda”, ikaonekana kwenye kelele za jiko linafanana na Nanga, atakuwa anaitika badala ya kuachia. “Achia” ni mtoto yuleyule wa acha. Mwishowe tukakubaliana neno liwe “kwaheri”, na acha likapigwa marufuku uwanja mzima. Tangu siku hiyo hakuna anayeaga pale kwa kwaheri. Jioni tunaambiana “haya” na “tuonane”, na mgeni akitamka kwaheri kwenye simu yake, wanaume watatu wanamgeukia kwa macho makali.

Shemeji na dada yangu wana mtoto mmoja, binti. Amekulia kwenye ule uwanja, akikunja vitambaa vya puto likizo zote. Siku aliyosema anataka kuwa rubani, baba yake aliikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, “Sawa,” na kesho yake yeye mwenyewe akampeleka kwa mkufunzi. Binti alipaa mara nyingi akiwa na mkufunzi pembeni, na kila mara kwaheri ilisemwa, shemeji akaachia bila shida. Lakini siku ilikuja ya kupaa peke yake.

Dada yangu alinipigia simu. “Mtoto usimwangalie,” akaniambia. “Mtoto anajua kazi yake. Mwangalie baba yake mikono.”

Nilimwelewa. Mshika kamba asipoachia kwa wakati, ama analipindua kapu, ama anaondoka nalo, na aliyekwisha kuinuliwa usawa wa paa hana tena uamuzi mzuri wa kufanya. Kila mfanyakazi mpya Nanga humfundisha hivi: nyayo zikiaga ardhi, mikono iage kamba, ukichelewa pumzi moja umeshakuwa abiria. Amewafundisha wengi. Nilichohofia ni kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha yeye kumwachia mtoto wake.

Asubuhi yenyewe ilikuwa tulivu, umande bado kwenye nyasi. Feni ikalijaza puto hewa baridi likiwa limelala, kisha binti akawasha moto, kitambaa kikavimba, kikapanda, kikasimama wima juu yetu. Akaingia kwenye kapu peke yake. Shemeji alikuwa ameshika kamba ya upande wake, na watu wengine wawili wameweka mikono kwenye ukingo.

“Umekunywa chai?” shemeji akamuuliza.

“Nimekunywa, baba.”

“Gesi umeiangalia?”

“Baba, nimeiangalia mbele yako.”

“Na kule juu kuna baridi.”

“Baba!”

Mkufunzi akacheka, akarudi nyuma. Mimi nilikuwa tayari kwenye pikapu, injini inanguruma. Binti akawasha moto mara mbili, kila mara kwa muda mrefu, akatazama kulia na kushoto, akasema kwa sauti safi, “Kwaheri!”

Wale wawili wakaachia. Shemeji hakuachia.

Kapu likainamia upande wake. “Kwaheri, baba!” binti akarudia. Nikaona visigino vya shemeji vinainuka, kisha vidole. Kwa uzito wake puto lilipanda polepole, lakini lilipanda. Siku hizi vijana wanasema aliye juu mfuate hukohuko, na mbele ya macho yangu shemeji alikuwa anatekeleza. Nilitaka kupiga kelele, nikapiga honi. Honi itamsaidia nini mtu anayening’inia? Lakini niliipiga. Viatu vyake vilikuwa vimefika usawa wa meza, mkufunzi anakimbia, na mimi nafikiria nitamwambia nini dada yangu.

Binti akainama juu ya ukingo. Moto hakuuwasha. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kamba nyekundu, anapunguza hewa kidogo kidogo puto lisikimbie. Akamtazama baba yake, naye baba yake akamtazama. Akasema, wala hakupaza sauti, “Baba, acha.”

Shemeji akaachia.

Alianguka kwa mguu mmoja, akaviringika kwenye umande. Puto lilipopungukiwa na mzigo ule likaruka, binti akalituliza kwa ile kamba nyekundu, na sekunde chache baadaye tukamsikia akiwasha moto kwa adabu kabisa, kama mtu anayepika kwake. Tulimkimbilia shemeji. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba.

“Ameondoka vizuri?” akauliza.

“Ameondoka vizuri. Wewe ndiye uliyeondoka vibaya,” nikamwambia, nikamsukumia ndani ya pikapu.

Njiani nilimsema sana. Nilimwambia yeye ni mtu mzima ovyo, nilimwambia dada yangu atamvunja huo mguu mwingine. Yeye alikuwa ametoa kichwa dirishani, akinielekeza, “Kata kulia, shemeji. Sasa nyoosha.” Puto lilipita juu ya mabati ya mji, likavuka nyaya za umeme kwa mbali kuliko nilivyovuka mimi, na nilipomtupia jicho shemeji, mashavu yake yalikuwa yamelowa.

“Ni vumbi,” akasema.

“Najua,” nikasema. Vumbi lilikuwepo kweli, lakini lilikuwa nyuma yetu.

Binti akachagua shamba lililovunwa, akashuka taratibu. Hapo ndipo upepo ukaamka. Kapu liligusa, likaruka, likagusa tena, likaanza kuburutwa kuelekea mtaro, na puto halijamaliza kutoa hewa. Mtu mmoja peke yake ndani ya kapu ni mwepesi. Tulitangulia kufika, mkufunzi alikuwa bado kwenye gari la nyuma. Niliegesha nikamwambia shemeji, “Wewe na mguu huo kaa humu humu, naenda mimi.”

“Shika!” binti akaita kutoka kwenye kapu. “Baba, shika!”

Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa anakwenda kwa mguu mmoja katikati ya shamba, anaruka kama mtoto anayecheza kwenye mistari, akanipita mimi mwenye miguu miwili. Akajitupa kwenye ukingo wa kapu kwa kifua. Kapu likakwama hapo hapo. Nami nikafika, nikaweka mikono yangu pembeni yake ingawa sikuongeza chochote. Binti akavuta kamba nyekundu mpaka mwisho, na kitambaa kikaanza kuporomoka mbele yetu.

Tulikuwa tunahema wote watatu.

“Kwaheri hukuisikia?” binti akamuuliza.

“Niliisikia.”

“Sasa?”

“Ile ni ya kazini,” shemeji akasema. “Naisikia kila siku.”

Binti alikuwa bado ndani ya kapu, shavu limeingia masizi, na mkono wake bado umeikamata kamba nyekundu, ingawa hapakuwa tena na hewa ya kutoa. Shemeji naye aliuona. Alikuwa amekumbatia ukingo kama vile puto lina nguvu bado, ilhali lilikuwa limelala lote kwenye mabua.

“Niache sasa?” akauliza.

“Bado, baba,” binti akasema. “Shika kidogo.”