Byamungu, Mwigizaji Bora wa Kike

Byamungu ni fundi baiskeli wa Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ana sharubu nene na sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Wiki ile Nakivale nzima ilipata habari kwamba ameteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tuzo za filamu zinazotolewa Mbarara. Watu hawakuwa na mbavu. Wengine walileta baiskeli zisizo na pancha, ilmradi wapate kumwita madamu. Yeye akawa anacheka nao huku anapaka gundi kwenye mipira.

Mke wake hakucheka. Alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga muhogo, na moyo ulikuwa unamwenda mbio kuliko mchi, maana aliyeigiza ni yeye.

Ngoja nieleze mambo yalivyoharibika. Mwaka uliotangulia, filamu iliyozoa tuzo zote ilihusu wakimbizi, na ndani yake hamkuwa na mkimbizi hata wa dawa. Walioigiza ni watu wa mjini waliofundishwa kufunga kitenge asubuhi ile ile, na kitenge chenyewe kilikuwa kinawavuka. Watu wakalalamika redioni wiki nzima, waandaaji wakaona haya, wakatangaza kwamba safari hii filamu za Nakivale nazo zitapokelewa. Ndipo Aimable, kijana wa Kirundi aliyejifunza kamera kwa kupiga harusi, akatengeneza filamu kuhusu pampu ya maji iliyoharibika. Akawachukua wanawake saba wa foleni ya maji, wakawe wanawake saba wa foleni ya maji.

Siku ya kupiga filamu, msaidizi wake alipita na daftari akiuliza majina. Sasa wewe ambaye hujaishi Nakivale, nisikilize vizuri. Ukikaa huku miaka kumi na miwili, mtu akija na kalamu unamtajia jina la mkuu wa familia, lile la kwenye kadi. Sabuni, chandarua, blanketi, vyote huja kwa jina hilo, na ukitaja jingine unarudi mikono mitupu. Basi wanawake wale, bila hata kufikiri, kila mmoja akataja jina la kwenye kadi. Filamu ilipokwisha, sura zao saba zikafuatwa na orodha ya Byamungu, Vénant, Thaddée na wanaume wengine wanne. Na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kila mmoja alilisoma la kwake akaridhika.

Aimable alikuja mbio akamkuta mke wa Byamungu bado ameshika mchi. "Mama Bienfait, wamenipigia simu kutoka Mbarara. Wanasema jina ni la mwanaume, labda tunawachezea. Mwenye aliigiza asipofika Ijumaa kujionyesha, wanalifuta."

"Na bakilifuta?" akauliza kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

"Basi. Hakuna mwingine wa Nakivale kwenye orodha nzima."

Mama Bienfait akakaa chini kwenye unga. Alikuwa anaitaka tuzo ile, na wala si kwa uchu mdogo. Bienfait ni mtoto wake wa kwanza, na tangu amzae watu wote humwita kwa jina la mtoto, mume wake akiwemo. Kwenye kadi yeye ni Byamungu. Jina lake mwenyewe, Mariette, lilibaki Walungu, kule Kongo, kwa mama yake. Alitaka litajwe mara moja tu kwenye kipaza sauti, mbele ya watu. Hakumwambia mtu, hata Fébronie, mke wa Vénant, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kwa kuogopa kuchekwa.

Ijumaa asubuhi walishika njia, yeye na Byamungu, wakapitia Kaberebere mpaka Mbarara, kwenye ofisi ya waandaaji kule Kakiika. Walimkuta Bi Kyarisiima, mkuu wa waamuzi, na mwamuzi mwingine wa kiume aliyekuwa akichezea simu.

"Nani Byamungu?" Bi Kyarisiima akauliza.

"Ni miye," Byamungu akajibu.

Bi Kyarisiima akaziangalia sharubu, akaiangalia orodha yake. "Sebo," akasema, maana huko bwana ni sebo na bibi ni nyabo, "hii zawadi iko ya wanawake."

Mariette akaeleza habari ya kadi, ya kalamu, ya sabuni. Alieleza vibaya, na akaona kabisa kwamba mama yule haamini. Huko kwenye filamu amejifunga kitambaa kichwani na uso umejaa vumbi. Hapa alikuwa amepaka mafuta na kuvaa gauni la kanisani, nani angemjua?

Akajikaza kisabuni. Pembeni palikuwa na jerikani la maji ya kudekia, akaliinua, akaenda nalo mpaka mbele ya yule mwamuzi wa simu, akalitua. Kwenye filamu pampu inakauka zamu yake inapofika, na yeye anaigombeza kama mkwe mvivu. Siku hiyo pampu ikawa mwamuzi.

"Weye," alimwambia polepole. "Nimeamka giza, nimeacha mutoto analia. Benzangu bote umebapa maji. Kufika kwangu, unakohoa tu. Mi nilikukosea nini?"

Mwamuzi akaiweka simu mezani. Mariette akaendelea, akamzunguka, akampiga kibao cha bega kama anavyoipiga pampu ile, kisha akakaa juu ya jerikani akaanza kucheka kicheko kile cha mtu aliyeishiwa machozi.

"Inatosha, nyabo," alisema Bi Kyarisiima, naye anajifuta macho. "Ni wewe. Sasa leta jina yako."

"Mama Bienfait."

"Hiyo iko ya mtoto. Yako."

"Mariette Nabintu," akasema, na ilibidi arudie, maana mara ya kwanza halikusikika.

Kesho yake mchana ukumbi wa tuzo ulifurika. Wanawake wote saba walikuja, wakapewa viti vya nyuma kabisa, na Byamungu akakaa nao ndani ya koti lake la Jumapili. Walioshindana na Mariette walikuwa wawili, mmoja wa Kampala na mmoja wa Mbarara penyewe, wazuri wote. Fébronie alimshika mkono akaubana mpaka ukafa ganzi. Mtangazaji akaichana bahasha. Ila bahasha ile ilifungwa Alhamisi, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

"Mshindi ni Byamungu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Na Mariette, nasema kweli ingawa inaniuma, alianza kuinuka. Alikuwa ameshazoea kuitika jina hilo. Mkono mzito ukamgusa begani, akakaa tena. Byamungu alikuwa amesimama.

"Pardon, bwana," alisema, na sauti ile ya ng'ombe haikuhitaji kipaza sauti. "Byamungu ni miye, na mi niko fundi ya baiskeli. Mwenye alicheza ni huyu bibi yangu. Anaitwa Mariette."

Mariette akageuka kumtazama. Miaka yote ya Bienfait hakuwahi kumsikia akilitaja, na alidhani alishalisahau. Kicheko kikakatika, watu wakaanza kupiga makofi, yeye akapita katikati yao hajui anakanyaga wapi.

Jukwaani mtangazaji aliomba radhi, akaitwa mtu wa kalamu arekebishe cheti pale pale. Akalikata jina la Byamungu, akaandika Mariette Nabintu. Mariette akatazama viti vya nyuma, akawaona wenzake.

"Usifunge kalamu," alimwambia. "Vénant anaitwa Fébronie."

Fébronie akasimama, mikono kichwani.

"Thaddée anaitwa Anne. Patrice anaitwa Élyse."

Walisimama mmoja mmoja, wote sita, na mtu wa kalamu alipokosa nafasi akakigeuza cheti akaendelea nyuma. Cheti hicho kiko Rubondo mpaka leo, ukutani kwa fundi baiskeli, na upande wa nyuma, wenye majina ya wenzake, ndio unaoonekana.