Matundu Mawili ya Touda na Bushuti la Mzee Bassou

Saa moja asubuhi, Touda amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkono mmoja ameshika ukuta wa banda la kuku, mwingine unavuta kitambaa cha sufu kutoka kwenye tundu lililo chini ya bati. Kinatoka. Kinafuata kingine. Kinapotoka cha tatu, anakigeuza, anakitazama vizuri, kisha anashuka na kuketi juu ya ile ndoo.

"Bushuti lake," anamwambia mwandishi aliyekuja kumtembelea. "Mwanamume huyu amekatakata joho lake zima la sufu. Mungu wangu, nimekukosea nini?"

Touda ana miaka hamsini na tisa. Anafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, katika kitongoji kilicho juu ya mji wa Azrou, na kila Jumanne hushuka sokoni na mayai ndani ya kikapu kilichotandikwa makapi. Yai moja huliuza dirhamu mbili. Wiki njema humpa dirhamu themanini. Majira ya baridi, kuku wakigoma kutaga, hurudi na sukari na majani ya chai tu.

Wiki hii analiandaa banda kabla theluji haijaanguka. Ukuta wa kaskazini, unaopigwa na upepo, ameshaukandika udongo. Bati amelilemeza kwa mawe sita. Leo atatoa matandiko ya zamani, amwage majivu, kisha atandaze mabua makavu ya shayiri juu yake. Kazi hiyo, anasema, ni ndogo. Kilichomshinda ni matundu mawili ya hewa yenye ukubwa wa ngumi, aliyoyaacha karibu na paa.

Kila akiyazibua, mumewe Bassou huyaziba.

"Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali, nimemwambia mbele ya ndugu zake. Ni kumpigia mbuzi gitaa. Na mbuzi angekuwa ameshaelewa, maana mbuzi ana akili!"

Bassou, mwenye miaka sitini na sita, alichunga kondoo wa watu katika milima hii tangu utoto. Anawahurumia kuku, na hilo Touda halikatai. Lakini majira ya baridi yaliyopita, theluji ilipoanguka siku tatu mfululizo, huruma hiyo iliziba kila ufa, banda likawa kama chungu cha kuskusi kilichozungushiwa kitambaa chenye unga ili mvuke usitoke. Kuku hawakufa kwa baridi. Walikufa kwa unyevu. Pumzi zao wenyewe ziligeuka maji yaliyotiririka ukutani, manyoya yakalowa, upanga wa jogoo ukawa mweusi kwa barafu, vifua vikaanza kukoroma. Kati ya kuku kumi na wanne walibaki watano.

"Koti la kuku ni manyoya makavu," Touda anasema. "Baridi kavu ataihimili. Akilowa, amekwisha. Jambo hili hata mtoto wa chekechea..." Hamalizii. Amechoka kulisema.

Mwaka huu ana sababu kubwa zaidi ya kukasirika. Binti yao wa pekee, Izza, aliyeolewa Meknes, ana mimba baada ya kungoja miaka tisa, na atajifungua mwezi wa kwanza. Mama yake amemwahidi kuku saba wa nyumbani. Mmoja atapikwa siku ya tatu, kwa dengu na uwatu, juu ya chapati zilizochanwachanwa. Wengine ni wa kumrudishia nguvu hadi arobaini ipite. Wale watano walionusurika wameatamia na kulea, sasa wako kumi na mmoja.

"Watu wananiambia ninunue wa dukani. Wa dukani hajawahi kukanyaga udongo, atampa mzazi nguvu gani? Na mama mkwe wake atasema Izza hana kwao."

Bassou anatokea na glasi ya chai, amevaa sweta jepesi tu.

"Mama Izza, mbona umefungua? Utawaua viumbe wa Mungu!"

"Bushuti lako liko wapi?"

"Lilikuwa limezeeka."

"Wewe pia umezeeka! Mbona sijakukata vipande?"

"Kondoo wangu hawakufa kwa joto hata siku moja, bibie."

"Kondoo wako walilala nje, Baba Izza! Nje! Huko uliziba nini, mawingu?"

Hapo uvumilivu wa Touda unafika mwisho. Anachukua vile vitambaa, anavirudisha kwenye matundu kimoja kimoja, anafungua mlango wa banda na kusukumia ndoo ndani. "Ingia. Kaa."

Bassou anaingia akicheka. Touda anafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo. Ndani wanasikika kuku wakilalamika, kisha Bassou akikohoa, kisha kuku na Bassou pamoja.

"Touda! Fungua! Macho yanawaka!"

"Hata dakika tatu hazijafika. Kuku wangu walikaa siku tatu."

Anapotoka, machozi yanamtiririka na pua anaifuta kwa mkono wa sweta.

"Mimi nilidhani nawafunika," anasema.

Touda anavichomoa tena vile vitambaa. Bassou anachukua koleo bila kuombwa na kuanza kutoa matandiko yaliyolowa.

Saa kumi alasiri, theluji ya kwanza inaanza kuanguka. Touda anamsindikiza mwandishi hadi langoni, anageuka nyuma, na kumwona mumewe juu ya ile ndoo, mkono wote umo ndani ya tundu.

"Ewe Bassou wewe!" Ufagio ameshaudaka.

Bassou anageuka. Kiganjani ana donge la theluji, na kwapani amebana kipande cha bati cha kukingia theluji juu ya mdomo wa tundu.

"Theluji ndiyo inayoziba," anajitetea. "Leo si mimi."

Touda anaushusha ufagio taratibu.

"Mwezi wa kwanza nitapanda basi la Meknes na kuku saba mapajani," anasema. "Izza atakula wake, baada ya kumngoja mtoto miaka tisa. Wa nane nitampikia huyu." Anamtazama mzee akigongomea bati, mabega yakimtetemeka ndani ya sweta. "Lakini usiku wa leo kwanza nishone lile bushuti, vipande vyote. Katika nyumba hii yote, kumbe anayesikia baridi ni yeye peke yake."